Bastola ya Baba, Upande wa Gumba

9 Februari 1986

Mdogo wangu Tupa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu kaa kitako, maana barua hii ina maneno.

Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua tangu alipojifanya kijana akabeba kabati peke yake. Mpwa wako amepata kazi ya ualimu na sasa anatusahihisha sote mezani, hata baba yake. Shangazi yupo, anaumwa kila kitu isipokuwa mdomo. Nyumba bado haijazoea kukaa bila baba. Asubuhi naamka nikisikiliza kikohozi chake kule karakana, nikikumbuka kwamba hayupo tena naona uzito hata wa kuwasha jiko.

Sasa nikupe kilichonifanya nishike kalamu. Jumatatu alikuja afisa wa silaha kutoka kituo cha polisi. Mtu mstaarabu, alivua kofia mlangoni. Alisema leseni ya bastola ya baba ilikuwa ya baba mwenyewe, na baba alipokufa nayo imekufa. Mrithi mwenye ujuzi wa silaha anaweza kuombewa leseni mpya, lakini lazima aje mwenyewe, atie sahihi mbele yao kabla mwezi wa nane haujaisha. Asipokuja, bastola inapelekwa kituoni na huko inakatwa kwa msumeno wa chuma. Nikamwambia mrithi yupo, ni fundi wa silaha za kale kwenye makumbusho, amefundishwa na marehemu mwenyewe. Akaandika.

Kwa hiyo njoo. Hukuwahi mazishi na sikukuuliza, wala sikuulizi leo. Njoo tu kwa hili.

Nimefungua lile sanduku la bati. Unajua baba alivyokuwa, kila Jumapili akiifungua kipande kipande juu ya gazeti, wewe umekaa pembeni yake, mimi niko mlangoni na ufagio nangoja kufagia vumbi la chuma. Kwa karibu hivi sikuwahi kuiona. Masikini imechoka, imepauka, mpini wake wa mbao umelika upande mmoja. Usiwe na wasiwasi, nitaitunza. Hutaikuta katika hali hiyo.

Dada yako,
Nyundo


2 Machi 1986

Dada Nyundo,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mpe shemeji pole ya mgongo, umwambie makabati yana watu wake. Mpwa wangu mwambie barua hii asiisahihishe. Shangazi mwambie namkumbuka, usimwambie zaidi ya hapo atapata la kunijibu.

Mimi mzima. Kazi ni nyingi hapa makumbusho, ndiyo maana siwezi kuja sasa hivi. Nafikiri mwezi wa saba.

Kuhusu bastola, dada, nakuomba sana: usiitie dawa yoyote, usiisugue, usiipake kitu. Kitambaa kikavu na tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Na kabla hujaigusa, fanya kama baba: toa magazini, kile kikasha cha risasi mpinini, vuta kifuniko cha juu mpaka nyuma, kisha ingiza kidole cha mwisho mle inamokaa risasi uhakikishe pako tupu. Hata kama uliangalia jana. Baba alikuwa akiangalia hata kama ametoka kuangalia.

Unasema imechoka. Ningekuwa karibu ningekushika mkono nikupeleke nayo dirishani asubuhi. Chuma chake si cheusi, kina samawati iliyokoza inayojificha mpaka mwanga uipate kwa ubavu. Kifyatulio na vile vitufe vidogo vina rangi ya asali. Hiyo rangi haikupakwa. Fundi alikichoma chuma hadi chenyewe kikageuka, akakitoa motoni papo hapo. Angechelewa kidogo kingekuwa zambarau na kazi imeharibika. Pale mdomoni rangi imekwisha kwa miaka ya kuingia na kutoka kwenye mfuko wa ngozi, na kila kipande, hata vile vya ndani visivyoonekana, kimepigwa namba ileile. Kiwanda chenyewe kilifungwa babu hajaoa.

Na akili iliyomo! Bastola nyingi za wakati wake zilikuwa na gurudumu la risasi, na kidole kilifanya kazi yote. Hii inakusaidia. Risasi ikitoka, teke lake halipotei bure, linasukuma kifuniko nyuma, ganda tupu linaruka nje, springi inakirudisha kifuniko mbele na njiani kinabeba risasi nyingine. Kisha inatulia inakungoja. Aliyeibuni hakuacha hata nguvu ya kusukuma nzi ipotee. Nimeshika silaha za thamani hapa, zenye dhahabu na pembe za ndovu, hakuna iliyonifanya ninyamaze kama hiyo ya baba. Nayo, kwa baba, haikuwahi kufyatuliwa hata siku moja. Aliipenda tu kama mtu anavyopenda saa nzuri.

Lakini kinachonikosesha raha ni ule mpini. Vibao vile viwili vya mbao vilikatwa mistari midogo inayopishana ili mkono usiteleze. Upande wa gumba mistari imefutika kabisa, pamebaki kishimo laini. Hicho ni kidole cha baba, dada. Miaka yote ya Jumapili. Kukishika kile kishimo ni kama kumshika yeye mkono.

Nifanyie jambo moja. Kaa nayo dirishani uniandikie unachokiona, rangi moja moja, mkwaruzo mmoja mmoja. Usifupishe. Nitasoma polepole.

Ndugu yako,
Tupa

(Nyundo, hivi unakumbuka baba alivyokuwa akisimulia alivyokupa jina hilo? Ulikuwa mchanga, akashika vidole gumba vyako akacheka, "Huyu kaja na nyundo zake mwenyewe." Mimi niliposikia hadithi hiyo nililia wiki nzima mpaka nikapewa jina la kifaa na mimi.)


15 Machi 1986

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunangoja barua yako. Mtu wa posta anapita akiangalia pembeni kama ana deni. Shangazi amelazwa siku mbili, amerudi, wodi nzima imepumua.

Nakuandikia kabla ya jibu lako kwa sababu nina furaha na sina wa kumwambia. Nimeitengeneza bastola! Nilisema hutaikuta imechoka. Nilianza na ile dawa ya kung'arishia shaba, haikutosha, nikatumia msasa laini. Siku tatu mfululizo, nikimaliza kazi za nyumbani nakaa karakana kwenye stuli ya baba nasugua. Ule weusi wote umeondoka. Sasa inang'aa kama vijiko vya wageni, ukiitazama unajiona. Hata vile vitufe vidogo vilivyokuwa na madoa ya manjano nimevipata.

Na mpini nimeutafutia dawa. Seremala wa mtaa wa nyuma alikuja kurekebisha mlango, nikamwonyesha vile vibao vilivyolika. Akanichongea vipya, mbao nyekundu, vimenyooka, amevipiga vanishi. Ilikuwa imevaa nguo zilizochanika, sasa imevaa za harusi. Vile vya zamani aliondoka navyo.

Shemeji yako aliponiona aliniuliza kama nataka kuvamia benki. Nilicheka mpaka machozi, halafu yakaendelea yenyewe wakati kicheko kimekwisha. Sijui kwa nini. Nadhani ni ile stuli.

Natamani baba angeiona. Njoo uione wewe.

Nyundo


11 Aprili 1986

Dada,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kusikia shangazi amerudi nyumbani.

Nashukuru kwa kazi uliyoifanya kwenye bastola. Ni kazi kubwa, umejitahidi.

Hapa hakuna jipya. Mvua nyingi.

Tupa


4 Mei 1986

Mdogo wangu,

Barua yako fupi niliipata mwanzo, nikaisoma mara nyingi nikitafuta iliyobaki. Nikajisemea huenda ana kazi. Juzi jirani yetu mpya akaniletea ile ya mwezi wa tatu. Ilipelekwa kwake kimakosa, naye alisafiri, ikakaa chini ya mlango wake muda wote huo. Nimeisoma nimesimama palepale uani, nguo mbichi begani.

Sina pa kuuweka uso wangu. Samawati iliyojificha sikuiona. Rangi ya asali niliiona nikadhani ni kutu. Nilifuta kila kitu ulichokuwa unaniomba nikutazamie, tena kwa furaha, tena naimba. Na kile kishimo nilikiona ni ubovu.

Kwa nini hukunikaripia? Uliandika "umejitahidi" kama mwalimu anavyomwandikia mtoto aliyefeli. Nitukane, Tupa, nipumue.

Nataka ujue jambo moja, si kujitetea. Sikuwahi kuishika bastola ile maisha yangu yote. Baba alikufundisha wewe. Mimi alinifundisha kufagia. Nilimwomba mara moja, nilikuwa binti mkubwa, akasema chuma hakina urafiki na wasichana, akaifunga. Nilipoisugua siku zile tatu ndiyo mara yangu ya kwanza, na niliishika kwa namna ninayoijua mimi, yaani kama sufuria. Hakuna aliyenionyesha namna nyingine. Hilo linanichoma kuliko msasa wenyewe.

Halafu nikuulize: mwandiko wako una nini? Mistari inapanda kilima, maneno mengine yamelala juu ya wenzake. Mpwa wako kasema mjomba amelewa. Nimemfinya.

Njoo mwezi wa saba kama ulivyosema. Imeharibika, ndiyo, lakini ipo. Ndani bado ni ileile.

Nyundo


20 Juni 1986

Dada Nyundo,

Shikamoo ya kuchelewa. Natumaini mgongo wa shemeji umetulia.

Haina neno, dada. Nasema kweli. Usijilaumu, mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Mambo ya rangi tuyaache.

Mwandiko ni meza, ina mguu mfupi. Mwambie mpwa wangu mjomba hajalewa bado, anatafuta wa kumnunulia.

Mwezi wa saba sitaweza, kuna maonyesho hapa na mimi ndiye nategemewa. Tuseme wa nane.

Nina ombi dogo. Hakikisha iko tupu kama nilivyokueleza, kisha vuta kile kifuniko nyuma, kiachie kirudi chenyewe. Usikisindikize kwa mkono. Sikiliza, uniandikie sauti yake. Umesema ndani ni ileile, basi sauti nayo itakuwa ileile. Nikiwa mdogo nilikuwa nikiisikia kitandani najua ni Jumapili.

Tupa


18 Julai 1986

Mdogo wangu,

Leo sianzi na salamu za mtu yeyote. Nakutolea uvivu.

Unapiga kalenda. Mara wa saba, mara wa nane, mara maonyesho. Kama makumbusho hayo yangekuwa na wewe peke yako yangeshafungwa. Baba alipougua nilikuandikia, ukajibu utaangalia. Alipokufa nilikupigia telegramu, ukakaa kimya hadi tukarudi kutoka makaburini. Watu walikuwa wananiuliza mdogo wako yuko wapi, nawaambia yuko njiani. Niliwaambia hivyo mpaka viti vilipokunjwa.

Sasa unaniuliza sauti ya chuma. Hujawahi kuniuliza sauti ya baba. Hujauliza alisema nini mwisho, aliumwa kiasi gani, nani alimgeuza kitandani. Nilimgeuza mimi, kwa vidole hivi unavyovicheka. Wewe unataka kujua springi inaliaje.

Nilijilaumu sana kwa ule msasa. Nililia. Leo nafikiri mtu anayependa rangi ya asali ya kifyatulio na asiyekuja kumzika baba yake hana haki ya kupewa pole.

Sitavuta wala sitaachia. Afisa amepita tena, anauliza mrithi. Usipofika kabla mwezi wa nane haujaisha naipeleka mwenyewe, wakate, tuwe tumemaliza.

Dada yako


24 Agosti 1986

Dada yangu Nyundo,

Mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni mama mwenye nyumba, mimi nasema yeye anaandika, na amekula kiapo haongezi la kwake.

Sioni, dada. Jicho la kushoto lilianza mwaka juzi, nikadhani ni uchovu wa kazi. La kulia likafuata. Wiki aliyokufa baba nilikuwa hospitali, nimepasuliwa, macho yote yamefungwa bendeji. Telegramu yako nilisomewa na mfagiaji wa wodi. Nikamwomba airudie, akairudia, kisha akanishika bega akaendelea kufagia. Daktari alikataza hata kuinama. Upasuaji haukusaidia. Barua zako nilikuwa nazisoma kwa lenzi ya kazini, nikichukua neno, napumzika, neno. Hii ya mwisho nimesomewa, na nimesikia kila kitu ulichosema, na ni haki yako.

Kazi niliiacha mwezi wa pili. Hakuna maonyesho. Meza yangu haina mguu mfupi.

Kwa nini sikusema? Niliona aibu. Fundi wa baba, aliyefundishwa kutazama mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, ndiye anagonga kizingiti. Nilijua ukijua utakuja, uache watu wako, uanze kunigeuza na mimi kitandani. Nikaona bora nikuudhi.

Nilikuomba unitazamie kwa sababu nilitaka kuiona mara moja zaidi kupitia macho yako. Rangi zilipokwenda niliumia, nisikudanganye, nilikaa siku nzima sikula. Lakini baadaye nilijisemea, Tupa, rangi za nini kwako sasa? Mtu asiyeona kilichobaki kwake ni sauti na kile kishimo. Ningeweka gumba langu mahali alipokuwa akiweka lake, basi. Sikukuuliza vibao vilikwenda wapi maana niliogopa jibu.

Nakuomba usiipeleke. Waombe wakuongezee muda. Mama huyu ana ndugu anayesafiri mwezi wa kumi, anaweza kunishika mkono mpaka kwako. Nitatia sahihi hata kwa dole. Nikinyimwa leseni nitaishika dakika moja palepale mezani kwao, nitawarudishia.

Na uniambie baba alisema nini mwisho. Nilitaka kuuliza tangu siku ya kwanza. Sikuweza.

Tupa

Mimi mwandishi nimeapa siongezi la kwangu, kwa hiyo sikwambii kwamba mdogo wako anapika mwenyewe anaunguza, na kwamba amekataa fimbo nyeupe. Nakusalimu tu, mama mwenzangu.


14 Septemba 1986

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Barua yenu imefika Jumatano iliyopita. Bastola niliipeleka siku ya mwisho ya mwezi wa nane.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha, nikaenda kuteka maji, nikarudi, bado ipo.

Nilikwenda kituoni asubuhi ileile barua ilipofika, mbio. Afisa akanihurumia, akanipeleka ghalani kwao. Imeshakatwa. Alinionyesha ndoo. Vipande vya silaha za watu wengi vimechanganyika, na kwa kuwa niliing'arisha niliijua mara moja. Kila kitu humo kilikuwa cheusi isipokuwa vya kwetu. Hata kuvigusa hairuhusiwi.

Sasa nikupe nilicho nacho. Siku ile ya kuikabidhi, afisa aliniuliza kama nina uhakika iko tupu. Nikafanya kama ulivyoniandikia. Nilitoa magazini, nikavuta kifuniko mpaka nyuma, nikaingiza kidole cha mwisho. Askari wakatazamana. Halafu nikakiachia bila kukisindikiza, ingawa nilikuwa nimeapa sitafanya. Sauti yake ni mbili, si moja. Kwanza mkwaruzo mfupi, kama mtu anavuta droo yenye vijiko, kisha mlio mzito uliofunga kila kitu. Klak. Hautetemi, haurudii. Mtu wa meza ya pili aliinua kichwa. Na mimi nikasikia Jumapili, Tupa. Nikataka kuivuta tena lakini alikuwa ameshanyoosha mkono.

Baba hakusema maneno makubwa mwisho. Alidhani ni wewe. Nilikuwa nimemshika mkono, akaupapasa, akasema, "Tupa, umekua." Sikumsahihisha. Nilikuficha hilo kwa sababu lilinichoma, nimemuuguza mimi akaondoka na jina lako. Sasa lichukue, ni lako.

Kutoka kituoni nilipitiliza kwa seremala. Nilimkuta anapiga msasa mguu wa kiti. Nikamuuliza vile vibao. Kimoja kilikwisha zamani kwenye jiko la kuyeyushia gundi, alisema. Nikauliza kingine. Akafungua kiganja. Alikuwa amekizungushia msasa, ndicho anachosugulia kwenye kona, miezi yote hiyo. "Hiki sikitoi," akasema, "kina mahali pa gumba, kinakaa vizuri." Shemeji yako anadai nilimkaba. Nilimwomba tu kwa sauti.

Mgongoni kimejaa gundi na mkwaruzo. Upande wa mbele hakuna alichoharibu. Posta wamesema mti hauna leseni, unasafiri kama barua. Nimekifunga ndani ya soksi ya baba.

Kabla ya kukifunga nilijaribu kuweka gumba langu. Mengine sisemi.

Nisamehe mambo ya mwezi wa saba. Chukua hiyo fimbo nyeupe.

Dada yako


19 Oktoba 1986

Nyundo,

Hii naandika mwenyewe. Mama mwenye nyumba amenipangia uzi juu ya karatasi ili nisipotee, mstari ukipanda kilima usinifinye.

Kibao kimefika. Soksi niliijua kwa harufu kabla sijaifungua, nikakaa nayo kwanza. Kisha nikatoa kibao nikakipapasa chote. Tundu la skrubu, mistari inayopishana, halafu mistari inaisha, halafu kishimo. Kipo. Nikaweka gumba langu.

Halikai, dada. Linaogelea. Kishimo ni kipana, kidole changu ni chembamba, nikikiegemeza huku, kule panabaki wazi. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu baada ya kula, nimejaribu la kushoto kama mjinga. Miaka yote nilikuwa nikiikumbuka bastola ile mkononi mwangu na nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwa kubwa kwangu. Baba alikuwa akinirekebisha vidole kila Jumapili na kila Jumapili vilikuwa vinateleza.

Uliandika ulijaribu lako, ukaacha kusema zaidi. Najua kwa nini uliacha. Ulikuwa unanihurumia. Lilikaa, si ndiyo? Lilikaa lote, mpaka ukucha.

Baba alikuwa na mkono wake mwenyewe umesimama mlangoni umeshika ufagio, akafundisha mwingine. Na siku ya mwisho alipopapasa ule uliomshika akasema umekua, hakuwa amepotea sana, dada. Jina ndilo alilokosea. Mkono ule wa kwake aliujua. Kwa hiyo neno hilo nakurudishia. Lilikuwa lako.

Kibao sikirudishi kwa posta. Kipo dirishani kwangu. Wewe ndiye uliyekuwa unaniita mwaka mzima, sasa nakuita mimi. Chumba ni kidogo, chakula kimeungua, fimbo nimeichukua. Njoo ukichukue mwenyewe.

Ukifika usijitambulishe mlangoni. Nipe mkono tu, nitakujua.

Tupa